Tanga Kuukuu Nyuma ya Uso

Mkokoni hakuna studio ya picha. Kijiji chetu kiko bara, Lamu Mashariki, kinatazamana na kisiwa cha Kiwayu, ndani ya hifadhi ya bahari ya Kiunga iliyotengwa mwaka 1979. Mtu akitaka picha ya fomu ya shule, ya harusi au ya kumbukumbu tu, zamani ilibidi apande boti mpaka Lamu mjini, alipe nauli kwenda na kurudi, na pengine alale huko kwa sababu bahari imechafuka. Mimi napiga picha hapa hapa kijijini, kwa simu yangu na kwa kamera niliyoinunua ikiwa imeshatumika, na sijapata kununua pazia la nyuma hata moja. Mapazia ya dukani Nairobi, pamoja na vyuma vyake vya kusimamishia, yanakwenda kwa maelfu ya shilingi, na upepo wa huku ungeyabwaga kabla mteja hajakaa. Yangu ni tanga, mkeka, leso, shuka na ukuta. Naandika haya kwa sababu naona vijana wengi wenye simu nzuri kuliko yangu wanaamini kwamba kinachowakosesha picha nzuri ni kukosa studio.

Jicho la mtazamaji halina adabu. Hukimbilia palipo na mwanga mwingi, palipo na rangi kali, palipo na maandishi, hata kama uso wa mtu uko katikati ya picha. Ukimpiga mama mdogo uani saa sita mchana, atakayeitazama picha ile ataona kwanza ndoo ya njano, kisha kamba ya nguo, kisha bati linalometa, kisha mbuzi, na mama mdogo mwenyewe atamwona mwisho. Tena huenda nguzo ya ukumbi ikaonekana inamtoka utosini. Kazi ya pazia ni kuviondoa vyote hivyo ili mtu abaki peke yake na sura yake. Ukilielewa hilo hutauliza tena pazia linauzwa wapi. Utaanza kutazama nyumbani kwako ni kitu gani kikubwa, kisichometa, kisicho na kelele, kinachoweza kutundikwa.

Ninalolipenda kuliko yote ni kipande cha tanga la zamani. Tanga la pamba likishachoka haliaminiki tena baharini, siku ya upepo litapasuka. Wenye vyombo hulifanya kifuniko cha injini au hulitupia bandani likaliwa na panya. Langu nilipewa na mjomba wangu. Lilikuwa jeupe, na sasa limeingia rangi ambayo hakuna duka linaloiuza: kijivu kilichochanganyika na kahawia, doa la kutu upande mmoja, viraka viwili vya kitambaa kipya kidogo, na mshono mrefu unaolipita mshazari kutoka pembe hadi pembe. Ukilisogelea unaona yote hayo. Mtu akisimama mbele yake kwa hatua mbili tatu, na kamera ikamlenga yeye, mshono na viraka vinalainika, vinabaki vivuli vyepesi tu, na uso unakaa mbele kwa heshima yake. Matanga ya siku hizi ya nailoni na maturubai ya plastiki hayana sifa hiyo. Yanameta, na kila mkunjo unarudisha mwanga machoni.

Kulitundika ndiko kwenye kazi. Nina boriti mbili za mkoko na fito moja. Tanga linafungwa juu kwa kamba ya nazi, na ncha ya chini inafungwa kwenye ile fito, kisha fito inaning'inizwa chupa za plastiki zilizojazwa mchanga. Chini kabisa naacha nafasi ya shubiri moja ili upepo upate pa kupitia. Ukilibana tanga pande zote nne litafanya lile lililoumbiwa: litashika upepo na kuondoka na boriti zako.

Na upepo wetu una jambo lake. Kusi ikivuma, tangu Aprili hadi Septemba hivi, pa kujikinga ni upande wa kaskazini wa nyumba. Lakini miezi hiyo ndiyo jua liko kaskazini, kwa hiyo ule upande uliokimbilia upepo ndio unaopigwa na jua. Kaskazi nayo ikiingia, Desemba hadi Machi, mambo yanageuka: kinga iko kusini, na jua nalo limehamia kusini. Si bahati mbaya. Pepo za msimu hufuata joto. Katikati ya mwaka jua linaipasha moto Asia, hewa ya huko inapanda, na upepo unatoka kusini kwenda kuijaza nafasi, na mwisho wa mwaka inakuwa kinyume. Kwa hiyo mpiga picha wa pwani hii ni nadra kupata siku ambayo upande usio na upepo ndio upande wenye kivuli. Mimi nilichofanya ni kuhamia chini ya upenu wa makuti. Upenu unazuia jua la juu, ukuta unazuia upepo, na mwanga unaingia kwa pembeni ukiwa umeshagonga mchanga mweupe. Mwanga uliogonga mchanga unafika usoni ukiwa laini, na unaingia mpaka chini ya nyusi ambako jua la utosini halifiki.

Sisi tuko karibu mno na ikweta. Saa sita mchana jua liko juu ya kichwa, macho yanakuwa mashimo meusi, pua inatupa kivuli mdomoni, na hakuna pazia litakaloiokoa picha hiyo. Saa zangu za kazi ni baina ya saa moja na saa tatu asubuhi, na kuanzia saa kumi na nusu jioni mpaka karibu na magharibi. Katikati ya hapo napiga chini ya upenu au ndani ya nyumba tu.

Siku moja alikuja mzee mmoja mvuvi, mtu wa rika la marehemu babu yangu, amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya vito. Alitaka picha moja ya kumpelekea mwanawe aliyeko Mombasa. Nilimkalisha kwenye kiti cha kamba, bega la kulia limeelekea mchangani, tanga nyuma yake. Upande wa kushoto uso uliingia giza kidogo, nikamwomba mtoto ashike kifuniko cha boksi jeupe lile wavuvi wanalohifadhia samaki kwenye barafu. Kifuniko kile ndicho kioo changu cha kurudishia mwanga. Ukikisogeza unaona giza la shavu linapungua polepole, na katika jicho linazaliwa doa dogo jeupe linalompa mtu uhai. Mzee alikuwa amekaza uso kama wafanyavyo wazee wengi mbele ya kamera. Kisha akageuka kutazama nyuma.

"Tanga hili la chombo gani, mwanangu?"

Nilimtajia chombo. Aliushika ule mshono kwa vidole viwili, akaufuata kwa urefu wa mkono, akanitajia jina la aliyeushona na mwaka ambao chombo kile kilivunjika mlingoti. Alipogeuka kurudi kwangu uso ulikuwa umefunguka, na hapo ndipo nilipopiga. Pazia la kiwandani haliwezi kukufanyia hivyo. Mtu hana la kusema na maporomoko ya maji yaliyochapishwa China, ila kwa kitu cha kwao atakuwa na neno.

Asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya watu wasio na uwezo. Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948. Alikuwa akipiga picha uani kwake kwa mwanga wa jua, na pazia lake la kwanza lilikuwa shuka lake mwenyewe la kitandani, lenye vishada pembeni. Kila baada ya miaka miwili mitatu alibadilisha kitambaa. Picha zake zilipokuja kutundikwa katika majumba ya sanaa ya Ufaransa na Marekani, miongo kadhaa baadaye, alizipangia miaka yake kwa kuangalia kitambaa kilichokuwa nyuma ya mtu. Mmarekani Irving Penn naye, mwaka 1950 mjini Paris, alitumia pazia kuukuu la jumba la tamthilia. Mbele ya pazia hilo moja walipita wanamitindo wa majarida makubwa, na wakapita pia wauza nyama, wapishi wa keki na muuza matango wa mitaani, kila mmoja na vifaa vyake vya kazi mkononi. Tajiri na mchuuzi walipewa nyuma moja na mwanga mmoja. Penn akalitunza pazia lile na kuendelea kulitumia kwa miaka mingi. Mwenzake Richard Avedon alizunguka magharibi ya Marekani kati ya 1979 na 1984 na karatasi nyeupe tu, akiibandika ukutani au ubavuni mwa trela, upande wa kivuli. Hawa ni watu waliokuwa na uwezo wa kununua chochote.

Na sisi wa pwani tuna ya kwetu ya kusimulia. Zanzibar ilikuwa na studio tangu karne ya 19, ikiwemo ya A. C. Gomes, na mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe. Mombasa kulikuwa na N. V. Parekh, ambaye tangu miaka ya 1940 aliwapokea vijana, maharusi na marafiki waliotaka kuonekana walivyo siku walipopendeza. Hapa Lamu tulikuwa na Omar Said Bakor, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki mwaka 1993. Hakufundishwa na mtu kazi hii. Alijifunza mwenyewe, akafungua Bakor Studio, na pale ambapo pazia halikumtosha alichukua mkasi: alikata picha na kuziunganisha, akamtia mteja katika mandhari ambayo haikuwamo chumbani. Hakukuwa na kompyuta. Mtafiti Mjerumani Heike Behrend ameiandikia kazi yake kwa kirefu, na nasikitika kwamba wageni waliosoma habari za Bakor huenda ni wengi kuliko watoto wa Lamu wanaolijua jina lake.

Behrend huyo huyo aliandika pia juu ya wapiga picha wa kivuko cha Likoni. Katika miaka ya 1990, kando ya njia ya feri, vijana walijenga vibanda wakavitundika mapazia yaliyochorwa kwa mkono: ndege, meli kubwa, majumba ya ghorofa, na maua ya plastiki kila upande. Mtu aliyetoka bara kutafuta kibarua alisimama hapo na kupeleka nyumbani picha inayosema amefika mbali. Siwezi kumcheka mtu huyo. Picha yake ilikuwa barua kwa mama yake. Mteja wangu akitaka ndege nyuma yake nitatafuta wa kuichora. Lakini hapa kijijini kinachotamaniwa zaidi sasa ni kinyume chake. Watoto wetu walioko Mombasa, Nairobi na nchi za Ghuba wanaona majumba ya ghorofa kila siku, na wanachoomba ni uso wa bibi na kitu cha nyumbani nyuma yake.

Baada ya tanga ninalotumia sana ni mkeka. Mkeka wa miyaa haumeti. Rangi yake ya asili iko karibu na mchanga na inaipendeza ngozi yetu, iwe nyeusi tititi au maji ya kunde. Nautundika kwa urefu ili mistari isimame, kwa sababu mistari inayolala humkata mtu shingo. Anayevaa nguo ya maua mengi nampa mkeka usiotiwa rangi, na mwenye kanzu nyeupe au buibui namruhusu mkeka wa rangi. Jambo moja hunifurahisha kila ninapoutundika. Mitepe, vile vyombo vya kushonwa kwa kamba za nazi walivyounda mababu zetu wa Kibajuni, vilikuwa na matanga ya mkeka. Mkeka kusimama wima nyuma ya Mbajuni ni jambo la kale sana.

Leso ndiyo inayotaka akili zaidi. Leso moja ina urefu wa kama mita moja na nusu na upana wa mita moja na kidogo, kwa hiyo inatosha kwa picha ya kichwa na mabega. Jozi mpya ambayo bado haijakatwa, ikitundikwa kwa mapana, inawatosha watu wawili waliokaa. Ila leso inasema. Ina jina lake limeandikwa pale chini, na jicho, kama nilivyotangulia kusema, hukimbilia maandishi. Leso nyingi zimeandikwa dua na maneno ya mapenzi, na nyingine zimeandikwa vijembe. Ukimweka bi harusi mbele ya kijembe, wifi zake watakisoma kabla hawajamtazama yeye, na ugomvi utakaozuka hautakuwa wa picha tena. Kwa hiyo nasoma jina kwanza, namsomea na mama wa bi harusi, ndipo natundika. Likiwa halifai nalikunja ndani. Mara nyingi naigeuza leso kabisa, nikatumia upande wa ndani ambao rangi zake zimepoa. Pindo lililo mbele linashindana na uso, na lililogeuzwa linatulia.

Picha za leso nazipiga ndani, na hapa niseme jambo ambalo vitabu vya kupiga picha haviligusi. Kwetu mwanamke aliyepambwa hatazamwi na kila mtu. Upande wa wanawake katika harusi hupigwa picha na wanawake, na simu za wageni huwekwa kando. Ninapompiga mwari, chumba kina mimi, yeye, na shangazi au somo wake. Mlango umefungwa, dirisha moja limefunguliwa, na leso imetundikwa kwenye ukuta ulio ubavuni mwa dirisha, ili mwanga umpate yeye kwa upande na leso ipate mabaki tu. Dirisha dogo la nyumba ya udongo ni taa bora kuliko nyingi zinazouzwa. Mtu akilisogelea mwanga unakuwa mkali na wenye kivuli kizito, na akirudi nyuma hatua moja unapungua na kusambaa. Nikimaliza, picha zinahamishiwa kwenye kadi ya mwenyewe mbele ya macho yake, na kwangu zinafutwa. Pazia zuri na mwanga mzuri havina thamani kama mwanamke hana hakika picha yake itaishia wapi. Heshima hiyo ndiyo inayomlegeza mabega, na mabega yaliyolegea ndiyo picha.

Shuka jeupe ni la picha ndogo za fomu. Huko hakuna urembo: nyuma pawe peupe, uso uelekee mbele, pasiwe na kivuli. Shida zake ni mbili. Ya kwanza ni kivuli cha kichwa kinachoanguka kwenye shuka, na dawa yake ni kumtoa mtu mbele, hatua mbili kamili, asiegemee. Ya pili inawaonea watu weusi, na inafaa kila mwenye simu aijue. Kamera haijui nyeupe wala nyeusi. Inatafuta wastani, na ikiona shuka jeupe limejaa kwenye picha inadhani mwanga umezidi, basi inapunguza kila kitu. Shuka linakuwa la kijivu na mtoto anakuwa kivuli kisicho na macho. Gusa uso wa mtoto kwenye kioo cha simu ili kamera ipime hapo, kisha kile kialama cha jua kinachojitokeza kipandishe juu kidogo mpaka uone mboni. Mbele ya kitambaa cheusi, kaniki kwa mfano, fanya kinyume, kishushe. Na mwenye buibui jeusi usimweke mbele ya kaniki, mabega yake yatapotea.

Simu ina tabia nyingine. Ukimsogelea mtu sana, pua inakua na masikio yanarudi nyuma. Rudi hatua mbili, tumia lenzi ya kuvuta mara mbili kama simu yako inayo, na uso utakuwa kama unavyoujua. Ule mtindo wa simu wa kufifisha nyuma siutumii ovyo. Hukosea kwenye nakshi za kofia, kwenye hereni, kwenye ushungi mwepesi, ukaona nusu ya hereni imeyeyuka. Nafasi ya kweli baina ya mtu na pazia inafifisha vizuri zaidi na haikosei. Mikunjo ya kitambaa nayo ina dawa ndogo: kinyunyizie maji, kivute, kiache kining'inie mpaka kikauke.

Angalia pia rangi inayorudi. Chini ya mwembe wenye majani mengi ngozi inaingia ukijani. Turubai la buluu, ambalo liko karibu kila nyumba, linatupa ubuluu chini ya kidevu na kumfanya mtu mzima aonekane mgonjwa. Ukuta wa chokaa ni salama. Ukuta wa udongo ni bora zaidi, ukiwa mkavu na jua haliugongi moja kwa moja. Milango ya kuchonga ya Lamu na Siyu ni fahari yetu, lakini kama pazia siisifu sana: kazi ya fundi ni nzuri mno kiasi kwamba inamnyang'anya mtu picha yake. Piga mlango peke yake, na mtu mpe ukuta. Na popote utakaposimamisha pazia Lamu Mashariki, hakikisha kamera haielekei kambi ya askari, na kama una shaka uliza kwanza.

Kwa watoto nina pazia lililotoka baharini. Fukwe za Kiunga hupokea taka nyingi zinazoletwa na mikondo kutoka mbali, na ndara ni nyingi kupita kiasi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wanawake wa vijiji hivi walianza kuziokota na kuzigeuza vitu vya kuuza, na kazi iliyoanzia fukwe hizi ndiyo iliyokuja kukua hadi Ocean Sole, karakana ya Nairobi inayochonga wanyama kwa ndara kuukuu. Mwaka 2018 fundi Ali Skanda na wenzake wakashusha majini Lamu jahazi la Flipflopi, la mita 9, lililoundwa kwa plastiki kama tani 10 na kuvikwa ndara zipatazo 30,000, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Yangu ni kazi ndogo zaidi. Nimezifunga ndara kwenye kipande cha wavu uliochanika, nikauning'iniza ukutani. Chumvi na jua vimeshazipoza rangi: nyekundu imekuwa ya waridi, buluu imekuwa ya maziwa, kwa hiyo ni nyingi lakini hazipigi kelele. Watoto huzitambua. Huyu anasema hii niliiokota mimi, yule anabisha, wanasahau kamera ipo, na kazi yangu inakuwa rahisi.

Nilimtaja Keïta na vitambaa vyake kwa sababu maalumu. Ukizitazama leo picha za Bakor na za Parekh, baada ya uso unaanza kusoma kilichokuwa nyuma: pazia gani, kiti gani, redio gani. Vitu hivyo havikuwekwa ili vihifadhiwe, lakini vimehifadhika. Matanga ya pamba yanapungua kila mwaka. Mikeka ya miyaa inaondoka, inaingia ya plastiki. Wanaojua kushona tanga wanazeeka. Mtoto wa Mkokoni atakayeiona picha ya babu yake miaka 40 ijayo ataupata uso, na nyuma yake atapata kiraka, mshono na mkeka uliosukwa na mtu anayejulikana jina. Picha iliyopigwa mbele ya majumba ya Dubai ya kuchapishwa itampa uso tu.

Kwa hiyo nakuomba, wewe mwenye simu, usingoje studio. Idi ijayo ikikukuta nyumbani, tundika mkeka chini ya upenu saa kumi na moja jioni, mkalishe mkubwa wa nyumba hatua mbili mbele yake, mwulize habari za mkeka huo, na upige akiwa anajibu. Kisha ichapishe kwenye karatasi, kwa sababu simu huibwa na huanguka majini. Nyuma ya karatasi andika kwa kalamu ya risasi jina lake, mwaka, na jina la aliyeusuka mkeka.